Intaneti Moja kwa Jengo Zima

Kukaa katika jumba la ghorofa si sawa na kukaa katika nyumba yenye ua wake. Mwenye ua hujua mipaka yake. Bali sisi tukaao ghorofani, dari yetu ni sakafu ya jirani, na ukuta wetu ni ukuta wake. Ngazi ni moja, tangi la maji ni moja, na siku hizi, katika majengo mengi ya Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, hata intaneti ni moja. Hili la mwisho ndilo tulilokusudia kuwaeleza wasomaji wetu mwezi huu, kwa kuwa sisi wenyewe tumelipitia, tukaonja utamu wake na uchungu wake, na tumeona vyema tuliandike kama lilivyotokea.

Jengo letu lipo Mombasa, katika mtaa ambao hatutautaja. Lina ghorofa nne, ukihesabu na ile ya chini, na kila ghorofa ina nyumba 3. Jumla ni nyumba 12. Wakaao humo ni mchanganyiko: Waswahili wenyeji wa mji, jamaa wenye asili ya Hadhramauti, nyumba moja ya Wasomali, na bwana mmoja Mtaita, Mkristo, pamoja na mkewe ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku. Ghorofa ya juu kabisa hukaa mzee mmoja, karani mstaafu wa bandarini, mtu wa swala tano na wa maneno machache. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutiliwa waya wa intaneti nyumbani, kwa ajili ya kuzungumza na bintiye aliyeolewa Maskati.

Haukupita mwezi, mtoto wa jirani akabisha hodi akiomba neno la siri la kuingilia mtandaoni, kwani alikuwa na kazi ya shule. Mzee akampa. Nani atamnyima mtoto wa jirani? Kesho yake akaja wa pili, kisha wa tatu. Na kufikia mwezi wa Agosti 2023 nyumba 7 zilikuwa zikitumia intaneti ya mzee, nasi tukiwa miongoni mwao. Tukaona haya kutumia bure, basi tukakubaliana kwa mdomo, pale pale ngazini, kwamba kila nyumba impe mzee shilingi 500 kwa mwezi. Kampuni ilikuwa ikimtoza shilingi 3,000. Hapakuandikwa karatasi, wala hapakuwekwa shahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandikiana madeni, nasi sote twaijua, na wengine wetu twaihifadhi. Lakini tulijiona kwamba sisi ni majirani, na karatasi baina ya majirani ni kama kutiliana shaka.

Mambo yakaenda hivyo miezi 9. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mwanzoni mwa Mfungo Pili, intaneti ikazorota tangu asubuhi. Barua haziendi, picha hazifunguki, mazungumzo yakatika katikati ya neno. Habari ya kweli ilikuwa mbali sana na ngazi zetu: nyaya mbili kubwa zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, ule uitwao EASSy na ule wa Seacom, zilipatwa na hitilafu siku ile upande wa Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikapata taabu kwa siku kadhaa. Yafaa tukumbushe kwamba pwani yetu haikuwa na waya kama huo hata mmoja mpaka mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa ghali na kwa polepole. Julai 2009 ukafunguliwa waya wa Seacom, na mwaka huo huo ukatua Mombasa ule wa TEAMS utokao Fujairah, kisha mwaka 2010 ukafuata EASSy. Na Februari 2024 nyaya kadhaa zilikuwa zimekwisha kuharibika katika Bahari ya Sham, hata njia zilizosalia zikawa chache. Yote haya twayajua sasa. Siku ile hapana aliyeyajua, na watu wakapanda ngazi kwenda kwa mzee.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi: "Mzee, umelipa au hukulipa?" Mzee akatoa simu yake akaonyesha ujumbe wa M-Pesa, alikuwa amelipa siku sita kabla. Hapo jambo lingeweza kwisha. Lakini katika kundi mlitoka sauti, nayo ilikuwa ya kijana ambaye hata leo hapendi kukumbushwa, ikasema: "Nyumba 7 mara 500 ni 3,500, na kampuni yataka 3,000. Mzee hatoi hata senti, na 500 za juu anatia mfukoni. Kwa nini tusiseme kweli?" Mwingine akadakia kwamba wa kulaumiwa ni mama wa ghorofa ya chini, fundi wa nguo, kwa kuwa kila binti yake afunguapo masomo jengo zima husimama. Yule mama alikuwepo pale ngazini. Hakujibu, aliteremka zake. Mzee naye akaingia ndani, na kabla hajafunga mlango alisema maneno haya tu: "Kuanzia kesho kila mtu atafute chake." Asubuhi neno la siri lilikuwa limebadilishwa.

Wasomaji wetu wanaoona kwamba hilo ni jambo dogo, na watazame yaliyofuata. Mama fundi wa nguo ni mjane, na wateja wake humletea picha za mishono kwa simu. Alikuwa na nguo za harusi tatu mkononi, naye hana uwezo wa kununua vifurushi vya kila siku. Binti yake alikuwa akijisomesha kwa mtihani. Muuguzi hupata orodha ya zamu zake kwa njia hiyo hiyo. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ghorofa ya pili akawa anakaa nje ya mkahawa mpaka saa nne za usiku, na mama yake halali mpaka amsikie ngazini. Na lililo zito kuliko yote: watu wa jengo moja wakawa wapishana ngazini bila ya salamu.

Hapa yatupasa tusimame kidogo tueleze namna chombo hiki kinavyofanya kazi, maana nusu ya ugomvi wetu ilitokana na kutojua.

Watu wengi hudhani kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Intaneti ni kama maji ya mfereji yaingiayo jengoni kwa bomba; Wi-Fi ni ndoo za kuyapandishia ngazini. Maji yaweza kuwa tele mferejini, nawe ukakaa na kiu kwa kuwa ndoo inavuja. Au ndoo ikawa nzima na mfereji ukawa mkavu. Siku ile ya Mei mfereji ndio uliokuwa mkavu. Lakini siku nyingi zilizotangulia kasoro yetu ilikuwa katika ndoo, na hapana aliyeitazama.

Ndoo hizo ni mawimbi ya redio. Asili yake ni ya watu wa visiwani: mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenziwe walianzisha mtandao ulioitwa ALOHAnet, wa kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio badala ya waya. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: kila chombo kiseme kinapotaka, na maneno ya wawili yakigongana, kila mmoja angoje kitambo kisichopangwa kisha arudie. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu masafa fulani ya redio yatumiwe na vyombo hivyo pasipo leseni, na mwaka 1997 ikatolewa kanuni ya kwanza ya hiki tukiitacho Wi-Fi. Taabu moja iliwasumbua mafundi: mawimbi ndani ya nyumba hurudi kutoka kila ukuta kama mwangwi, na miangwi ikachanganyika na sauti ya asili. Dawa kubwa ya taabu hiyo ilipatikana Australia, kwa John O'Sullivan na wenziwe wa shirika la CSIRO, ambao kazi yao ya mwanzo ilikuwa kusikiliza sauti za redio zitokazo mbinguni. Twapenda sana habari hii, kwamba mtu aliyekuwa akitega sikio kwa nyota ndiye aliyetusaidia kusikilizana vyumbani.

Vyombo vya leo vina adabu zaidi ya vile vya Hawaii: chombo husikiliza kwanza, na kama mwingine anasema, hungoja. Ni kama barazani. Wakikaa watu 20, asemaye kwa wakati mmoja ni mmoja tu. Na hapa ndipo ilipokuwa siri ya mama wa ghorofa ya chini. Mtu aliye karibu na rauta husikia vyema, basi huambiwa maneno mengi upesi, akaondoka. Aliye mbali, nyuma ya kuta, hasikii vyema. Basi huambiwa polepole, neno kwa neno, ili asikose. Lile ambalo jirani wa karibu hulipokea kwa nukta moja, yeye humchukua nukta 10, na muda huo wote baraza zima limenyamaza likimngoja.

Nyumba ya mama yule ipo upande wa nyuma, penye tangi la maji. Kati yake na rauta ya mzee mlikuwa na sakafu tatu za zege lenye nondo ndani. Na zege lenye nondo ni kizuizi kikubwa cha mawimbi, na maji huyameza. Basi aliyesema kwamba jengo husimama binti afunguapo masomo hakusema uongo. Lakini binti hakuwa akichukua fungu kubwa la intaneti. Fungu lake lilikuwa dogo kuliko ya sote, isipokuwa lilichukua muda mrefu kumfikia. Kumwondoa kungewafaa wengine, hilo ni kweli. Kumsogezea antena karibu kungewafaa wengine vile vile, na yeye akapata.

Mzee, kwa huruma yake, alikuwa amenunua visanduku viwili vya kukariri mawimbi, akaviweka ngazini. Dawa hii huuzwa kila duka la simu, nasi hatuisifu. Kisanduku cha namna ile ya rahisi hupokea neno kisha hulisema tena katika masafa yale yale. Kwa hiyo kila neno lasemwa mara mbili, na likipita visanduku viwili lasemwa mara tatu, na baraza ni lile lile moja. Sauti hufika mbali, lakini mazungumzo hupungua.

Tena pana jambo la njia za redio. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika njia nyingi kwa hesabu, lakini zisizoingiliana ni 3 tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Yule mwanafunzi wa chuo alipanda na kushuka ngazi na simu yake akahesabu mitandao 17 ya majengo yaliyotuzunguka, yote imesongamana humo. Hata jiko la maikrowevu hutumia masafa hayo hayo, na likiwashwa huvuruga. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi, ila hayapenyi ukuta vizuri. Kwa jengo kama letu hilo si aibu bali ni fadhila: yakiwa antena ndogo ipo katika kila ghorofa, ukuta unaozuia sauti ya ghorofa nyingine umekufanyia hisani.

Na kuhusu mfereji wenyewe, kampuni ilikuwa ikimpa mzee megabiti 20 kwa sekunde. Vijana wetu huona nambari hiyo wakadhani ni megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo 20 zile ni baiti milioni mbili na nusu tu. Filamu iliyo safi huhitaji kiasi cha megabiti 5. Basi nyumba nne zikikaa baada ya Isha kila moja yatazama filamu yake, mfereji umekwisha, na nyumba ya tano huona kilemba cha mzungumzaji kimesimama na mdomo hausogei.

Turudi katika kisa chetu. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulipanda watu watatu kwenda kumtaka mzee radhi. Alitupokea, akatupa kahawa, kisha akatoa faili. Mlikuwemo stakabadhi za vile visanduku viwili: kila kimoja shilingi 2,800, jumla 5,600. Zile 500 za ziada kwa miezi 9 zilikuwa 4,500. Kwa hesabu hiyo mzee alikuwa amekula hasara ya shilingi 1,100 mbali na umeme, na kwa muda wote huo hakumwambia mtu. Tulimwuliza kwa nini hakusema siku ile ngazini. Akasema kwamba mtu wa umri wake haonyeshi stakabadhi mlangoni.

Lakini katika faili ile ile tulikuta na jambo jingine, ambalo lilitutia baridi. Ulikuwemo mkataba wa kampuni, nao ulisema wazi kwamba huduma ile ni ya nyumba moja, haiuzwi wala haigawiwi kwa walio nje ya nyumba hiyo. Sahihi iliyokuwa chini yake ni ya mzee peke yake. Yaani sisi nyumba 7, kwa nia njema na kwa shilingi 500, tulikuwa tumemtia mzee katika kuvunja ahadi yake. Tena sheria ya Kenya ya habari na mawasiliano ya mwaka 1998 yamtaka mwenye kufanya biashara ya huduma hizi awe na leseni. Na ingawa sisi hatukuwa wafanyabiashara, mtu apokeaye fedha kila mwezi kutoka nyumba 7 angekuwa na kazi ya kueleza.

Vijana walikuwa na hoja yao, nayo hatutaidharau. Walisema: kampuni imeuza megabiti 20 na imelipwa megabiti 20, awe atumiaye ni mmoja au ni 30, haikupungukiwa na kitu. Jawabu ni kwamba bei ile iliwekwa kwa makisio ya nyumba moja, ambayo hulala usiku na hutoka mchana. Kampuni huwauzia watu wengi waya mmoja mkubwa kwa kujua kwamba hawatautumia wote kwa saa moja. Nyumba 8 zikijificha nyuma ya jina moja, makisio yameharibika, na waumiao ni wateja wengine wa mtaa. Tulipomwuliza imamu wa msikiti wetu, hakutoa hotuba. Aliuliza: "Mkataba mlitia sahihi?" Tukamwambia, ndiyo, mzee alitia. Akarudi katika kitabu chake.

Basi tukaenda ofisini kwa kampuni. Tulizungushwa mara nne, meza hii ikitupeleka meza ile, na mara moja tuliambiwa turudi na barua ambayo tulikuwa nayo mkononi. Mwisho tukapata mkataba wa namna nyingine: megabiti 60, shilingi 12,000 kwa mwezi, kwa jina la kamati ya wapangaji, wenye sahihi ni watu wanne, na humo imeandikwa kwamba wapangaji wa jengo wataruhusiwa kuigawana pasipo faida. Mkataba wa namna hii watu wengi hawajui kwamba waweza kuombwa, kwa kuwa hautangazwi barabarani. Mwenye jengo alitupa ruhusa kwa maandishi ya kupitisha waya ngazini.

Mwanafunzi wetu na fundi mmoja wa umeme ndio waliofanya kazi. Rauta kuu iliwekwa ghorofa ya juu pamoja na swichi na betri ndogo, maana umeme ukizimika jengo lote huwa kimya. Kutoka hapo waya ukateremshwa kwenye bomba la plastiki mpaka kila ghorofa, na kila ghorofa ikawekewa kisanduku cha antena chenye sauti ndogo. Waya wa namna hii hubeba vyema mpaka mita 100, na wetu haukufika hata nusu yake kwa ghorofa ya mbali kuliko zote. Kisanduku cha ghorofa ya chini kilitundikwa upande wa nyuma, hatua tano na mlango wa mama fundi. Gharama zilikuwa hivi: visanduku vinne shilingi 26,000, swichi 3,500, waya na mabomba 6,000, betri 5,500, ujira 4,000, jumla 45,000. Nyumba 10 zilitoa 4,500 kila moja. Nyumba moja ilikataa kuingia, kwa kuwa ina waya wake, na hiyo ni haki yake. Ya mama fundi haikuombwa.

Mgawanyo wa malipo ya mwezi ulitaka mikutano mitatu. Wengine walitaka sawa kwa sawa. Wengine walitaka kila mtu apimiwe kama maji. Kupimiana tuliliacha, kwa sababu huzaa upelelezi, na hatukutaka mtu ajue jirani yake ametazama kiasi gani. Tukaafikiana hivi: nyumba 4 zenye televisheni za intaneti zitoe 1,400, nyumba 6 zitoe 1,100, na nyumba moja itoe 400. Hesabu yake ni 12,600. Kampuni yapewa 12,000 na 600 ni za umeme na matengenezo. Nani ni nani haikuandikwa ukutani. Imeandikwa katika daftari lililo kwa mweka hazina, naye ni yule bwana Mtaita, tuliyemchagua kwa sababu ndiye peke yake aliyeandika mikutano yote mitatu pasipo kuombwa.

Kuhusu kugawana intaneti yenyewe, fikra ya kwanza ilikuwa kumkatia kila mtu megabiti 5 basi. Hilo si jema: usiku wa manane, wengine wakiwa wamelala, muuguzi ataachiwa tano na hamsini na tano zakaa bure. Rauta nzuri zaweza kuwekewa kanuni kwamba kila nyumba ina fungu lake pindi wote wanapotaka, na wasipotaka, aliye macho achukue. Kanuni hiyo hiyo huzuia balaa jingine. Kabla ya hapo, kijana mmoja aliwapelekea jamaa zake Maskati filamu nzima ya harusi, na kwa saa mbili hapana aliyeweza kuzungumza kwa simu, ijapokuwa maneno ya simu ni machache. Yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya harusi.

Usalama ni mlango tuliokuwa tumeuacha wazi. Neno moja la siri kwa nyumba 7 si siri. Lilikuwa limekwisha kufika kwa muuza madafu wa kona, nasi hatumlaumu. Sasa kila nyumba ina lake, na chombo cha nyumba hii hakioni chombo cha nyumba ile. Ufungaji ni ule uitwao WPA2, uliotoka mwaka 2004, au WPA3 wa mwaka 2018 kwa vyombo vinavyouweza; ule wa zamani wa WEP ulikwisha kuvunjwa tangu mwaka 2001, na atakayeukuta katika rauta yake na autupe. Tena jina na neno la siri la rauta yenyewe, lile litokalo kiwandani, libadilishwe siku ile ile ya kwanza. Maana likitendeka ovu kupitia intaneti hiyo, atakayeulizwa kwanza ni mwenye sahihi. Ujerumani, ambako watu wa chama cha Freifunk walianza kugawiana intaneti mjini Berlin mwaka 2002, hofu hii ilizuia wengi kwa miaka, mpaka sheria yao ilipolegezwa mwaka 2017. Huko Catalonia watu wa mashamba ya Osona walianza wao mwaka 2004, kwa kuwa makampuni hayakuwafikia, na mtandao wao wa Guifi ungalipo.

Wazazi watauliza habari za watoto. Palikuwa na rai ya kuchuja mambo machafu kwa jengo zima, nayo ilikubaliwa na wote, Waislamu na Wakristo, kwa kupitia rauta kuu. Zaidi ya hapo kila nyumba na mwenyewe, na mchujo huo si mkamilifu. Mtoto wa miaka 14 mwenye nia huupita. Palikuwa na rai nyingine, kwamba intaneti izimwe kila adhana. Aliyeitoa alikuwa na nia njema. Lakini ghorofa ya tatu pana mgonjwa ambaye mwanawe aliye Nairobi humtazama kwa simu, na adhana haina haja ya rauta. Rai ikaachwa.

Hatutasema kwamba mambo yote yamekuwa sawa. Yule kijana aliyepiga hesabu ngazini hutoa 1,400 zake kila tarehe 1, hakosi, lakini mpaka tunapoandika haya hajamwambia mzee neno la radhi. Humsalimia, mzee huitikia, basi. Mama fundi wa nguo, siku ya kwanza ilipowaka, alishona kifuniko cha kitambaa cha kitenge kwa ajili ya rauta kuu, chenye pindo na nafasi za antena, ili isiingie vumbi. Mwanafunzi wetu alipata taabu ya kumweleza kwamba rauta ikifunikwa hupata joto. Kifuniko hakikutupwa. Mzee alikiomba, nacho kimefunika redio yake.